Kucha za Sikukuu: Kutoka Majani ya Mhina hadi Kichupa cha Rangi



Swali la safari hii limetoka mbali na bahari. Limetoka Ndalambo, wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe, kule upande wa Tunduma ambako ukienda kidogo tu unaingia Zambia. Aliyeuliza ni bi harusi mtarajiwa. Rafiki zake karibu wote ni Wakristo, na Jumamosi ya kuamkia Pasaka hukusanyika nyumba moja wakapakana rangi za kucha: nukta, maua, michoro ya mayai. Wamemwita. Harusi yake ni wiki inayofuata. Anataka kukaa nao kwa sababu ndio waliokua naye na ndio watakaompikia pilau, hataki kupoteza sala, na anakiri kwamba hajawahi kuchora hata nukta moja kwenye ukucha. Afanyeje?

Tungeweza kumjibu kwa mistari mitatu tukamaliza. Lakini kila tunapogusa habari ya kucha tunasikia maneno yale yale: kwamba kupamba kucha ni kuiga wageni, kwamba bibi zetu hawakuwa na mambo haya, kwamba mwanamke wa dini ana kucha nyeupe basi. Hayo si kweli, na tungependa bi harusi wetu aende kwenye kikao hicho akijua kwamba kucha za sikukuu ni mila yake pia. Kwa hiyo tuvumiliane, tuanze mbali.

Kwanza tarehe, maana watu wengi hawajaitazama. Miaka mitatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani. Ile ya 2024 ilikuwa 31 Machi, sisi tuko kwenye funga. Mwezi wetu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo Pasaka ya 2025, tarehe 20 Aprili, ikatukuta tumeshakula Idi tuko Mfungo Mosi, na ya 2026, tarehe 5 Aprili, hivyo hivyo. Na Mfungo Mosi, kila mtu wa pwani anajua, ndio mlango wa harusi baada ya mwezi mzima wa kutulia. Ndiyo maana miaka hii maswali ya Pasaka na maswali ya mabibi harusi yanatufikia pamoja. Pasaka nayo, kwa makanisa yaliyo mengi huku kwetu, inafuata mwezi kwa namna yake: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Jirani yako naye anahesabu mwezi, ila yeye hutazama ukijaa na wewe hutazama ukiandama.

Sasa hina.

Mhina ni mti mdogo wa nchi za joto na ukame. Majani yake yakikaushwa na kusagwa ni unga wa kijani usiovutia hata kidogo, lakini ndani yake mna rangi ambayo wataalamu wa kemia huiita losoni. Ukichanganya unga na kitu chenye uchachu, ndimu kwa mfano, ile rangi hutoka kwenye jani, na ikikutana na ngozi au ukucha hujishika na keratini, yaani ile protini ambayo ukucha, unywele na ngozi ya juu vimeumbwa nayo. Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu yote, kwa hiyo shikeni: hina haikai juu ya ukucha, inaingia ndani yake. Haibanduki wala haikwanguki. Kwenye kiganja itafifia baada ya wiki mbili au tatu kwa sababu ngozi hujivua. Kwenye ukucha haifutiki, inasubiri ukucha ukue. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo hina ya leo itahitaji karibu miezi 6 kumalizika yote. Wale wanaosema wamechoka na kucha za hina nusu nyekundu nusu nyeupe wanaelewa tunachosema.

Wamisri wa kale waliitumia kwenye nywele na kucha, na maiti walizozihifadhi zimekutwa na rangi hiyo hadi leo. Bara Arabu, Uajemi, India, Afrika ya Kaskazini, kote huko mwanamke wa mji na wa shamba aliijua. Na Korea, nchi isiyo na mhina, wasichana waliponda maua mekundu, wakayaweka juu ya kucha, wakayafunga kwa jani na uzi usiku kucha. Wakasema rangi ikidumu mpaka theluji ya kwanza ianguke, mpenzi wa kwanza atakuja. Namna ya kufunga ni ile ile ya bibi zetu, na walikuwa upande wa pili wa dunia.

Katika dini yetu kucha za hina zina hadithi yake. Abu Daud na Nasai wamepokea kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) habari ya mwanamke aliyenyoosha mkono nyuma ya pazia kumpa Mtume (s.a.w.) barua. Mtume akauzuia mkono wake asiipokee, kwa kuwa hakujua kama ule ni mkono wa mwanamume au wa mwanamke. Alipoambiwa ni wa mwanamke, akaeleza kwamba mwanamke angebadili rangi ya kucha zake, yaani kwa hina. Wanazuoni wa hadithi wamehitilafiana kuhusu nguvu ya mapokezi yake, wako walioikubali na wako walioidhoofisha, nasi hatuiweki hapa ili kumlazimisha mtu. Tunaiweka ili ionekane kwamba mazungumzo ya kucha za mwanamke wa Kiislamu yana umri wa dini yenyewe. Ni pambo lililozoeleka kiasi kwamba kuliacha ndiko kulikokuwa na maana: mjane akiwa kwenye eda yake ya miezi 4 na siku 10 huweka kando wanja, manukato na hina.

Hapa visiwani tuna bahati ya kuwa na shahidi aliyeandika. Sayyida Salma binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliondoka Unguja mwaka 1866 akaenda kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake. Humo ameeleza maandalizi ya sikukuu katika nyumba za kifalme, na hina imo. Majani yanapondwa, yanachanganywa, yanawekwa mikononi na miguuni, kisha mwanamke anafungwa na kulala chali bila kujigeuza mpaka asubuhi. Mbu akiuma, ameuma. Mwenye uwezo alikuwa na watumwa wa kukaa macho usiku ule wampepee. Na kazi hiyo haikuwa ya usiku mmoja, ilirudiwa mpaka rangi ikolee.

Tulipoisoma mara ya kwanza tulicheka, kwa sababu nani kati yetu hajawahi kulala na mifuko ya plastiki mikononi usiku wa kuamkia Idi, pua inawasha na hana mkono wa kuikuna? Lakini kicheko hakikudumu, maana yupo aliyeshika pepeo. Pambo la sikukuu lilikuwa na mwenye kulala na mwenye kukesha. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897 (na masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo mpaka 1909), wanawake waliotoka utumwani walianza kuvaa walivyotaka: kanga za rangi, baadaye buibui. Waliomo katika vitabu vya historia wanasifiwa kwa siasa na kazi, na wanastahili, lakini mwanamke kuchagua mwenyewe apendeze vipi siku ya Idi nalo lilikuwa jambo. Leo somo anapompaka bi harusi hina, wanawake wamemzunguka wanaimba na kupiga vigelegele, humo chumbani wamo vitukuu wa waliolala na vitukuu wa waliopepea, na hakuna anayeuliza.

Rangi ya kichupa imekuja baadaye sana, na asili yake itawashangaza. Kwetu watu wengi wazima huiita cutex, hata kama kichupa kimeandikwa jina lingine kabisa. Cutex ni kampuni ya Kimarekani iliyoanzishwa mwaka 1911 na Northam Warren, na bidhaa yake ya kwanza haikuwa rangi bali dawa ya kulainisha ile ngozi ya pembeni ya ukucha. Rangi ya maji ilifuata baadaye kidogo. Mwaka 1932, New York, Charles Revson na kaka yake Joseph wakashirikiana na mkemia Charles Lachman kuanzisha Revlon, na bidhaa waliyoanza nayo ilikuwa rangi ya kucha nzito, isiyopenya mwanga, yenye rangi nyingi. Kinachoshika rangi hizo ni naitroselulosi iliyoyeyushwa ndani ya kimiminika kinachokauka upesi. Naitroselulosi hiyo hiyo ndiyo iliyotengeneza baruti isiyo na moshi, na miaka ya 1920 ikapakwa kwenye magari yakang'aa. Kwa hiyo dada yetu, unapopuliza kucha zako zikauke, umepaka ndugu wa rangi ya gari. Hatusemi kwa ubaya. Tunasema ili uelewe kwamba rangi hii kazi yake ni kufunika, na imetengenezwa ili maji yasipite.

Hapo ndipo penye tofauti ya hina na cutex kwa mwanamke anayesali. Muslim amepokea kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.) kwamba mtu mmoja alitia udhu akaacha mguuni sehemu ya kadiri ya ukucha haikupata maji. Mtume (s.a.w.) alipoiona akamwambia arudi auboreshe udhu wake, naye akarudi. Kadiri ya ukucha mmoja! Kucha kumi zilizofunikwa ni nini basi? Hina imepaka bila kufunika, kwa hiyo ukishautoa ule udongo wake mkavu, rangi inayobaki haizuii maji. Cutex imefunika.

Kati ya miaka ile na hii, cutex ilipita njia ndefu kutufikia. Bara, mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na krimu za kuchubua ngozi. Hali ya hewa ya siku zile haikuwa ya kujiremba. Kisha ikaja miaka ya uhaba, ambapo sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, wakati wa Mzee Ruksa, vichupa vikaingia pamoja na kila kitu kingine: kwetu kwa majahazi na meli za Dubai, bara kwa mabegi ya wafanyabiashara wa mipakani kama Tunduma. Baadaye wakaja vijana wa kiume wanaotembea mitaani na beseni, brashi na kikapu cha vichupa, wakisugua miguu ya akina mama barazani na kuwapaka rangi kwa bei ndogo. Bara wametapakaa. Tuseme wazi: kijana asiye maharimu kukushika mguu nusu saa si jambo la kupuuza kwa sababu tu ni rahisi na kila mtu anafanya. Heshima yake kama mtafutaji riziki iko pale pale, ila mguu wako mpe dada.

Kwa bi harusi mambo yamezidi kuwa magumu. Zamani hina ilikuwa ndiyo kucha zake. Siku hizi tunaona bi harusi ana hina kiganjani, piko kwenye mkono, na juu ya kucha amebandikwa kucha bandia za jeli zinazotaka asetoni na robo saa ya kuloweka ili zitoke. Anabandikwa Alhamisi, anaolewa Ijumaa, zinatolewa wiki mbili baadaye. Tuhesabu pamoja, sala 5 kwa siku kwa siku 14: ni sala 70, katika siku ambazo ana haja kubwa kuliko wakati wowote ya dua. Tumeona wanaosali hivyo hivyo na roho haitulii, na tumeona wanaoacha kabisa wakisema watalipa. Hatumhukumu mtu. Lakini kungwi anayejua kazi yake atalisema hili mapema, kabla pesa haijalipwa.

Zimekuja pia rangi zinazoitwa za kupumua. Iliyopata sifa ni ile ya O2M ya kampuni ya Inglot ya Poland, iliyosambaa miaka ya 2010 miongoni mwa Waislamu wa Ulaya na Marekani, watu wakiipaka kwenye karatasi ya kuchujia kahawa na kutazama kama tone la maji litapita. Wako wanazuoni waliolegeza, na wako waliosema hewa kupita si sawa na maji kuufikia ukucha, tena udhu si wa kusubiri maji yapenyeze polepole. Sisi tumechagua njia isiyo na mashaka, ambayo tunayo shambani kwetu. Mwenye hedhi ana fursa yake ya kupaka cutex atakayo, aitoe kabla ya kuoga. Hiyo wengi wenu mnaifanya, na ndiyo maana asetoni haikosekani kabatini.

Na kuhusu piko, neno moja kwa msisitizo kwa sababu msimu umefika. Weusi wa haraka kwenye piko ya madukani hutoka kwenye dawa ya nywele iitwayo parafenilinidiamini. Ulaya inairuhusu kwa kiwango kidogo kwenye rangi za nywele na hairuhusu kupakwa juu ya ngozi. Kuna wanaotoka malengelenge na makovu yenye umbo la ua lile lile walilochorwa. Hina ya kweli haiwi nyeusi tii kwa nusu saa. Ikiwa hivyo, kuna kitu ndani yake.

Turudi Ndalambo.

Kule ni nchi ya Wanyamwanga, katika nyanda za juu ambako mhina, mpenda joto, si mti wa uani kama huku. Hina inafika kwa pakiti ya unga. Mkoa wa Songwe wenyewe ni mchanga, umezaliwa mwaka 2016 ulipotengwa na Mbeya. Lakini njia za kati ya pwani na huko si changa: wafanyabiashara Waswahili walikuwa wakipita kati ya ziwa Nyasa na Tanganyika karne ya 19, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, imepitisha Tunduma watu wa kila dini. Mwislamu wa Ndalambo si mgeni aliyepotea njia.

Na Pasaka ya huko ina sura yake. Wamoravian, waliofika kusini magharibi ya nchi yetu mwaka 1891, wana ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini, desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Watu wanatoka gizani na nyimbo na tarumbeta kusubiri jua kati ya makaburi ya wazee wao. Hiyo ndiyo sikukuu yenyewe kwa jirani yako. Mayai yana historia ndefu pia: Wakristo wa kale walijizuia kula mayai wakati wa Kwaresma, yakarundikana, na siku ya Pasaka yakatolewa yakiwa yamepakwa rangi. Wagiriki hadi leo huyapaka nyekundu, na maganda ya vitunguu ni mojawapo ya rangi za nyumbani zinazotumika. Sungura ni habari ya Wajerumani. Haya mayai ya rangi ya maziwa na masungura ya kwenye kucha wasichana wetu wameyapata kwenye simu, na hata kwa Mkristo wa Ndalambo si ibada.

Kwa hiyo tunamwambia bi harusi wetu hivi. Sisi Pasaka hatuisherehekei, kwa sababu tunachoamini kuhusu Nabii Isa (a.s.) kinajulikana, na rafiki zako wanakijua. Usichore msalaba, wala usichore mayai ili ufanane nao. Lakini kukaa na watu waliokulea, kula nao, kuwapaka na kupakwa, ni wema ambao Surat Mumtahina aya ya 8 haikukukataza kwa wasiokupiga vita. Nenda. Ila nenda na hina yako. Wewe ndiye mwenye pambo la kale kuliko wote chumbani humo, na tunavyowajua wasichana, nusu yao watataka kuchorwa.

Namna ya kuanza kwa asiyejua ni rahisi kuliko cutex. Ijumaa jioni chekecha unga wa hina kwa kitambaa chepesi, vijiko vitatu vya chakula vinatosha mikono miwili. Changanya na maji ya ndimu kidogo kidogo mpaka uwe kama mtindi mzito, tia kijiko kidogo cha sukari ili usikauke na kupukutika, funika, uache mpaka asubuhi. Ukiona juu umegeuka hudhurungi na chini bado kijani, uko tayari. Tia kwenye koni ya nailoni au kwenye pembe ya mfuko mdogo wa plastiki uliokatwa ncha nyembamba sana.

Kucha zikatwe kwanza, na hilo ni sunna, lisipite siku 40. Zioshwe na sabuni, zikaushwe, pasiwe na mafuta hata chembe juu ya ukucha kwa sababu hina haishiki penye mafuta. Mafuta ya mgando yapakwe pembeni tu, kwenye ngozi inayozunguka, ili rangi isimwagike huko. Kisha mchoro. Tunapendekeza hilali. Miaka ya 1920 na 1930 wanawake wa Ulaya na Marekani walikuwa na mtindo wa kupaka ukucha wote na kuacha ule mwezi mweupe wa chini kwenye shina, na ulikuwa mtindo wa mabibi wakubwa. Kata kipande kidogo cha gundi ya karatasi kwa umbo la mwezi, kibandike kwenye shina la ukucha, funika sehemu iliyobaki kwa hina. Ukikibandua utakuwa na mwezi mwandamo kwenye kila kidole. Anayetetemeka mkono aachane na mwezi, achukue kijiti cha meno, achovye ncha, aweke nukta tatu kuelekea ncha ya ukucha. Nukta haina makosa. Ikienda pembeni, ongeza nyingine upande wa pili, itakuwa ua.

Iache saa nne hadi sita, mikono ikae mahali penye joto, maana baridi ya nyanda za juu huchelewesha rangi. Usioshe kwa maji: kwangua kwa kijiti, futa kwa mafuta ya nazi, na hakikisha hakuna tope lililobaki kwenye kona za kucha kabla ya udhu unaofuata. Jumamosi itakuwa rangi ya chungwa na utafikiri imeharibika. Isubiri siku mbili. Na kwa kuwa harusi ni wiki inayofuata, ya kiganjani rudia siku mbili kabla ya nikahi, ila kucha usiziguse tena, zitakuwa zimeshakolea.

Mwezi Desemba 2024 UNESCO iliandikisha hina katika orodha ya turathi za utamaduni zisizoshikika, kwa ombi la nchi 16 za Kiarabu, Oman na Yemen zikiwemo. Tanzania haimo, Kenya haimo, Comoro haimo. Sisi ambao hatuozi bila hina! Wakubwa wanaoshughulikia mambo ya turathi tunawaomba walitazame hilo, orodha huongezwa.

Bi harusi wetu, unga wa hina kabla ya kuununua unuse. Ukiwa na harufu ya majani makavu na rangi ya kijani, chukua. Ukiwa mweusi au unanuka dawa, uache dukani.